Gari la Miraba Saba

Betri iliyovuja ina harufu yake. Si ya kuoza wala si ya kuungua. Ni harufu kali, ya kuchoma, mfano wa siki iliyomwagika juu ya chuma. Juzi nilifungua tochi iliyokaa kabatini muda mrefu, nikaukuta ule unga wa kijani umetambaa kwenye springi, harufu ikanipanda puani, nami nikabaki nimesimama jikoni na tochi mkononi, nimesahau nilichokuwa nikikitafuta.

Sebuleni mwanangu alikuwa akicheza mpira wa kwenye skrini. "Mama, ndoo utazame," aliniita. "Tazama jasho!" Nikaenda. Kweli yule mchezaji alikuwa akitoka jasho. Alikuwa na vinyweleo mkononi, na kovu dogo juu ya jicho. Nikamwuliza mwanangu, "Mamake aitwa nani?" Akanitazama kwa huruma, kama watoto wanavyotutazama sisi tunaoanza kuzeeka. "Mama, huyu hana mamake. Ni geimu."

Nikarudi jikoni, lakini sikutulia. Kwa sababu mimi nilikuwa na geimu ambayo mtu wake hakuwa na kinyweleo hata kimoja, hakuwa na mkono, hakuwa na uso, na mamake nilimjua vizuri sana. Alikuwa ni mama yangu pia.

Wa rika langu mnaikumbuka ile geimu ya kushika mkononi. Kijisanduku cha plastiki, kioo cha kijivu, na ndani ya kioo miraba myeusi, basi. Miraba ikishuka kutoka juu, mchezo ni wa matofali. Ikijipanga mstari na kujikunja, ni nyoka. Ukiona mraba mmoja mbele, mitatu ikifuata, mmoja tena, kisha miwili nyuma, hilo ni gari. Miraba saba. Ukiihesabu utaona sikudanganyi. Kwa miraba hiyo saba mimi nililia, nilifunga na kuomba dua, na nikamfanya mtu mzima mwenye elimu yake aite jina ambalo hakulitamka kwa miezi mingi.

Tulikaa Ziwa la Ng'ombe, katika nyumba aliyoijenga babu yangu kabla mtaa haujasongamana. Baba alikuwa karani wa bohari bandarini, na jioni alifundisha chuo cha Kurani barazani kwetu, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Maalim. Hata Mama alimwita Maalim. Nyumbani kwetu hapakuwa na picha ya kiumbe. Si kila nyumba ya Waislamu ilikuwa hivyo. Jirani zetu wa kulia walikuwa na picha ya harusi kubwa kuliko dirisha. Lakini Baba alikuwa na msimamo wake: malaika wa rehema hawaingii penye sura. Na kwa vile vitu vya madukani vimejaa sura, alikuwa na dawa yake, peni nyeusi iliyokaa daima katika mfuko wa kanzu. Mkebe wa maziwa ya unga ukiingia nyumbani, kabla haujafunguliwa, Baba alimpiga yule mtoto mnene wa kwenye mkebe mstari wa shingo. Mstari mmoja ulionyooka. Kiumbe kisicho na kichwa hakina uhai, alisema, na kisicho na uhai si sura.

Vitabu vyangu vya shule vilipitia mkono huo huo. Ng'ombe, kuku, sungura, mpaka mkulima na mkewe, wote walikuwa na mstari shingoni. Mwalimu wetu wa darasa la pili, mtu wa bara, alikifungua kitabu changu siku moja, akageuza kurasa mbili tatu, akauliza, "Rukia, kwenu leo ni Idi ya kuchinja?" Darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa mambo kwa njia yangu. Niliposikia kwamba mstari unaondoa uhai, nilielewa kwamba kabla ya mstari uhai ulikuwemo. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijumlisha mwenyewe, na hesabu ilinitoka sawa. Yule mtoto wa maziwa nilimwonea uchungu. Asubuhi moja niliuficha mkebe mpya chini ya meza ya uani ili apate japo siku moja ya kuishi, Mama akauona alasiri, Baba akaitoa peni yake.

Kaka yangu Twahir alikuwa mtu wa magari. Alijifunza kuendesha pikapu ya jirani akiwa bado na sare ya shule, na alikuwa na namna yake ya kukaa: kiwiko cha kulia nje ya dirisha, kichwa kimeinama kidogo, utadhani anasikiliza injini inamwambia siri. Baba alitaka aende akasome dini Lamu, awe maalim kama yeye. Twahir akapata kazi Jedda, kuendesha lori la maji. Baba hakupiga kelele. Alinyamaza, na kwa Baba kunyamaza ndiko kupiga kelele. Siku ya safari alitoka alfajiri kwenda bandarini kama siku zote, na kaka yangu akaaga nyumba isiyo na baba ndani yake.

Kabla hajatoka aliniita pembeni akanitia kitu mkononi. Ilikuwa picha ndogo ya pasipoti, moja iliyobaki. "Iweke," aliniambia. "Usimwonyeshe Baba. Ukinisahau uitazame." Nilimwambia siwezi kumsahau. Nilikuwa na miaka minane, nikiamini kwamba kumsahau mtu ni jambo la kukusudia.

Simu ya ng'ambo ilikuwa ya wenye nacho, na Twahir hakupenda kuandika. Alikuwa akituletea kaseti, kwa mkono wa watu wanaorudi. Tulikusanyika chumbani kwa Mama, redio katikati ya mkeka, na sauti yake ikatujaza: salamu kwa huyu na yule, joto la kule, chai yao isiyo na maziwa. Kisha sisi tulirekodi jibu upande wa pili. Mama alisema na kulia, mimi nilisoma sura nilizohifadhi. Baba alikaa pale pale akisoma kitabu chake. Mama alimsogezea redio. "Maalim, msalimu basi mwanao." Baba aligeuza ukurasa. "Nyinyi mumeshamsalimu."

Geimu ilikuja pamoja na kaseti ya tatu, kwa mkono wa jirani aliyetoka Hija. Boksi lake lilikuwa na picha ya kijana anayecheka. Akapata mstari wake papo hapo. Kisha Baba akageukia chombo chenyewe.

"Rukia!"

"Abee, Baba."

"Ndoo hapa. Humu mna nini?"

"Mna miraba."

"Miraba ya nini?"

"Ya kucheza, Baba."

Akaiwasha, ikalia kama kifaranga, akashtuka kidogo ila hakutaka nione. "Na hili?"

"Ni gari."

"Ndani ya gari mna mtu?"

Nilitazama kwa makini, maana niliulizwa na maalim. Niliona miraba saba. "Hamna, Baba."

"Basi si haramu," akasema, akanirudishia. "Ni upuzi tu. Na upuzi una wakati wake." Wakati wake ulikuwa baada ya chuo na kabla ya magharibi.

Nilikuwa mtoto wa kuchunguza. Kabla sijawa hodari wa kucheza nilikuwa hodari wa kukitazama kile kioo. Niligundua kwamba ukikibonyeza kwa kidole weusi unasambaa, halafu unarudi. Niligundua kwamba kila mraba una kivuli chake chini yake, kwa hiyo miraba haikuchorwa juu ya kioo, inaelea. Na ukizima geimu, ukaiinamisha juani, unaiona miraba yote kwa mbali, hafifu, imejaa kioo kizima kutoka juu mpaka chini. Kumbe haiji kutoka popote. Imo siku zote, inangoja kuitwa. Jambo hili lilinishughulisha wiki nzima. Hata kwenye sala nilikuwa nikiliwaza.

Siku ya kwanza niliona miraba. Siku ya pili niliona gari. Sikumbuki ni siku gani nilimwona dereva, maana hakuja kwa ghafla. Nilijua tu kwamba yumo, kiwiko cha kulia nje ya dirisha, kichwa kimeinama. Nikilihamisha gari kushoto ghafla alisonya, kama alivyosonya barabara ya Kisauni mkokoteni wa punda ulipomkatia njia. Barabara ile ilikuwa ya kwenda Jedda. Pembeni palikuwa na mchanga, na maduka ya maji, na wanawake waliofunika nyuso. Mtu mwingine angetazama juu ya bega langu angeona vitone vyeusi vikishuka. Mimi niliona vumbi.

Nyumba ya pili kutoka kwetu walipanga watu wa Machakos. Baba yao alifanya kazi kiwandani Changamwe, na binti yao Mwende alikuwa rafiki yangu wa kufa na kupona. Kwao kulikuwa na televisheni ndogo, na sikukuu moja mjomba wake akamletea geimu ya kuchomeka nyuma ya televisheni. Ilikuwa na rangi! Gari jekundu, lami, milima, mawingu yanayopita. Mwisho wa mbio dereva alitoka nje, akavua helmeti, akatabasamu na kupunga mkono. Alikuwa na macho, na meno pia. Niliwahofia malaika wa nyumba ya kina Mwende, lakini mdomo ulikuwa wazi na sikuweza kuufunga. Jumamosi mbili mfululizo sikuishika geimu yangu.

Jumamosi ya tatu nilianza kuona kasoro, na mimi nikishaona kasoro siwezi kunyamaza. Yule dereva alipunga mkono ule ule, mara ile ile, meno yale yale.

"Akishindwa hufanya nini?" nilimwuliza Mwende.

"Hatoki kwa gari."

"Hukaa mle ndani akilia?"

"Rukia, aki wewe! Halii. Inaanza tena tu."

"Na kwao ni wapi?"

"Hana kwao! Ni wa TV."

Nikamwambia basi dereva wangu ni bora, kwao kwajulikana. Mwende akaichukua geimu yangu, akaitazama kwa dharau. "Hii si gari. Ni tofali imebeba tofali. Hata tairi haina."

"Tairi zipo."

"Ziko wapi?"

"Zazunguka mbio, ndiyo huzioni."

Tuligombana mpaka mamake akatutoa nje. Lakini Mwende alikuwa ameondoka na geimu yangu mkononi, na pale kwenye kivuli cha ukuta akaanza kucheza, kwanza kwa kunikomoa, baadaye kwa kimya. Nikaona midomo yake inacheza. Nilipomwuliza anasema na nani aliona haya. "Na susu," akasema. Ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. "Anaenda soko. Amebeba mbuzi."

"Mbuzi yu wapi?"

Akanionyesha mraba mmoja wa nyuma. Nikautazama, na wallahi nilimwona mbuzi.

Sijui mwanangu angesema nini kuhusu mbuzi yule. Nimejiuliza sana kwa nini gari jekundu lilituchosha kwa Jumamosi tatu na miraba saba ikatushika mwaka mzima, na jibu langu ni la mtu asiyejua kompyuta. Yule dereva wa televisheni alikuwa ameshakwisha. Kila kitu chake kilikuwa kimeamuliwa na mtu wa mbali asiyetujua, hata idadi ya meno. Sisi hatukubakishiwa kazi. Kwenye miraba, kazi yote ilikuwa yetu.

Basi turudi kwenye ile picha ya pasipoti. Niliificha ndani ya jalada la atlasi yangu. Jioni moja chuoni Baba alirudia somo la malaika na nyumba yenye sura, na kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba somo lilinihusu. Tangu Twahir aondoke, malaika walikuwa wakifika mlangoni kwetu na kugeuka, na Baba hajui kwa nini, na sababu ni mimi. Usingizi ulipungua. Kuitupa picha sikuweza. Kusema sikuthubutu. Mwishowe nikapata ufumbuzi ambao hata leo naona ulikuwa na akili yake: nilitoa rula, nikatoa peni, nikampiga kaka yangu mstari wa shingo. Mmoja, ulionyooka, kama wa Baba. Nikairudisha picha kwenye atlasi nikalala fofofo, malaika wakaingia.

Kisha kaseti zikakoma.

Mwezi ukapita, na mwingine. Ramadhani ikaja, Idi ikapita bila sauti ya Twahir. Mama aliwauliza wanawake wote waliokuwa na watu Arabuni. Baba hakuuliza, ila niliona anachelewa kurudi kutoka msikitini, na siku moja Mwende aliniambia amemwona amesimama na wale waliorudi safari, amevua kofia, anawasikiliza kama mwanafunzi.

Siku hiyo au ya pili yake Mama alinunua mkebe mpya wa maziwa. Baba akatoa peni, akampiga yule mtoto mstari, nami nilikuwa nimesimama karibu, kikombe changu mkononi. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilikimbilia atlasi, nikachukua raba, nikatemea mate, nikafuta. Wino haukutoka. Nikasugua kwa nguvu, na karatasi ikaanza kubanduka, na mkono ukateleza juu, na nilipoacha, uso wa kaka yangu ulikuwa doa jeupe lenye masikio mawili.

Nikafumba macho nimkumbuke. Sikuweza. Pua yake ilikuwaje? Macho? Nilikuwa nikiitegemea picha inikumbushie, kama mtu anayeandika jambo ili aruhusiwe kulisahau, na sasa picha haipo. Niliwasha geimu. Barabara ikaanza kushuka, na yeye akawemo, mzima, kiwiko nje. Kwenye miraba uso haukuwahi kuchorwa, kwa hiyo hakuna raba ambayo ingeufikia, wala shingo ya kupigwa mstari.

Nikajiwekea sharti. Gari lisipogonga, Twahir yu hai. Geimu yenyewe ilikuwa na huruma kuliko mimi, ilimpa dereva roho nne. Mimi nilimhesabia moja. Nilicheza kabla ya shule na baada ya shule. Nilifunga siku tatu za sunna na nikacheza nikiwa nimefunga. Nikikaribia kugonga nilizima kwanza, nikaanza upya, nikijiambia amesimama kujaza maji. Betri zikaanza kuchoka na miraba ikafifia. Nilizianika juani ukutani, nikazing'ata kwa meno kama tulivyofundishana mtaani, mpaka moja ikavuja ile harufu mdomoni mwangu.

Mwisho wake ulikuja Jumamosi alasiri. Wanafunzi walikuwa wameshakaa barazani na mimi sipo. Baba alikuja uani akanikuta nyuma ya pipa la maji.

"Rukia!"

Sikuitika. Nilikuwa na magari mawili mbele yangu. Kutomwitikia Baba kulikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Akanyoosha mkono akaichukua geimu.

"Usimgongeshe, Baba!" nilipiga ukelele. "Usimgongeshe! Yumo!"

"Yumo nani?"

"Kaka!"

Alikigeuza kile kioo akakitazama. "Nilikuuliza. Uliniambia humu hamna mtu."

"Wakati ule hakuwamo."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alichuchumaa, kanzu ikigusa maji yaliyomwagika, na mimi nikamwaga yote kwa pumzi moja: picha, malaika, rula, mstari, raba. Nikasema nimemwua Twahir kwa peni. Akaniagiza niilete picha. Niliileta. Aliishika mbali na macho, kama alivyoshika kila karatasi, akaitazama shingo ya mwanawe, kisha lile doa jeupe.

"Nani alikufunza kupiga mstari?"

"Wewe, Baba."

Barazani wanafunzi walianza kupiga kelele. Hakuwajali.

"Mstari hauui mtu, mwanangu," alisema taratibu. "Ni wino. Wino na karatasi tu."

"Mbona wasema waondoa uhai?"

Alipangusa uso kwa kiganja. Kisha akaiokota geimu aliyokuwa ameiweka juu ya pipa.

"Yu wapi?"

"Huyu wa chini."

"Mimi naona miraba."

"Ngoja aende."

Nilimwonyesha vidude vya kubonyeza, cha kushoto na cha kulia. Dole gumba lake lilifunika vyote viwili. Gari likaanza kwenda, likaja la kwanza mbele yake, Baba akabonyeza huku na huku kwa pamoja, likagonga. Miraba ikatawanyika na kuwaka.

"La ilaha illa Llah!" alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

Nami, niliyekuwa nimemhesabia roho moja tu wiki zote hizo, nikajikuta namtuliza. "Hajafa, Baba. Ana roho tatu bado."

Akanipa geimu haraka, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto anayemponyoka. "Mshike wewe. Mimi simwezi."

Nikacheza. Baba aliinama juu ya bega langu, nikasikia pumzi zake na harufu ya udi wa kofia. Kisha, magari yalipoanza kuja kwa kasi, niliisikia sauti yake sikioni, ndogo: "Kulia. Kulia, Twahir. Haya. Kushoto sasa, baba, kushoto." Sikuhitaji kumwuliza kama amemwona.

Betri zilipokufa aliinuka. Ile picha bado ilikuwa mkononi mwake. "Hii haina sura tena," alisema, zaidi kujiambia mwenyewe. "Hii yafaa kukaa." Akaitia mfukoni mwa kanzu, akaenda kuwasomesha.

Kaseti ilifika baada ya wiki tatu. Aliyepewa ailete alikuwa amepitia Lamu kwenye harusi ya mpwawe, akakaa huko, kwa maneno ya Mama, mpaka bibi harusi akapata mimba. Twahir alikuwa mzima. Alikuwa amepewa lori jipya na alikuwa na mafua, basi. Mama alilia, akamlaani mchukuzi, akamwombea msamaha, yote kwa dakika moja. Mimi nilisikiliza ile sauti nikitafuta ufa wowote wa shingo, sikuusikia, na nikalala pale pale mkekani kwa uchovu.

Nilipoamka walikuwa wakirekodi jibu. Mama alimaliza, akanyoosha mkono azime. Baba akafunga kitabu chake, akaisogeza redio mbele yake mwenyewe. Alitoa salamu kamili kama anayeingia msikitini. Kisha akanyamaza, na utepe ukazunguka na kuzunguka, Mama akaanza kuutazama kwa wasiwasi usije ukaisha. Baba aliinama akaikaribia redio zaidi, mkono mmoja juu ya mfuko wa kanzu.

"Twahir," alisema. "Ni mimi babako. Tumekuona unavyokwenda. Punguza mbio, mwanangu."